Nanunua vitabu lakini sivimalizi. Je, nimechelewa?

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni mwanamume wa miaka 44, nina mke na watoto wawili. Nasimamia ghala la vifaa katika kampuni moja. Niliingia pale nikiwa kijana wa kubeba mizigo, nikapanda polepole hadi hapa nilipo. Kupokea mzigo, kuhesabu mali, kujua kipi kimepungua na kipi kinakaribia kuisha, hayo nayaweza hata ukiniamsha usiku wa manane. Kinachonishinda ni maneno, na kichwa kisichotulia.*

*Mwaka huu mkuu wangu ameanza kunitaka niandike ripoti kila mwezi. Nakaa mbele ya karatasi, kila kilichotokea nakijua, lakini sentensi hazitoki. Naandika mistari mitatu, nafuta miwili. Mkutanoni, kijana aliyejiunga majuzi tu anaeleza jambo ambalo mimi nalifahamu kumzidi, na wakubwa wanamsikiliza yeye. Nilipomuuliza siri yake akaniambia, "Mzee, mimi nasoma sana."*

*Basi nami nikaamua kusoma. Nikatazama video ya mtu anayesema kwamba watu waliofanikiwa husoma kitabu kimoja kila wiki, nikajiwekea lengo hilohilo. Nikanunua vitabu, karibu vyote vya mafanikio, utajiri na uongozi. Vipo tisa juu ya kabati na hakuna hata kimoja nilichovuka sura ya tatu. Usiku nikishapanda kitandani nafungua kitabu, nakisogeza mbali kidogo ili herufi zikae sawa, nasoma ukurasa, nikifika chini sikumbuki kilichokuwa juu. Kichwa kinaanza kuuma. Simu inalia, nachungulia kundi moja, nikija kushtuka saa nzima imekwisha. Nikiruka siku mbili najiona nimeshaharibu, naacha kabisa, na mwezi unaofuata naanza kitabu kingine.*

*Mke wangu anasema vile vitabu ni mapambo. Hasemi kwa ubaya, lakini inaniuma. Juzi binti yangu wa miaka 9 aliniletea kitabu chake cha hadithi nimsomee, nikamwambia nimechoka. Akaondoka bila kulalamika, na hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.*

*Nina maswali matatu. Ni kweli kusoma hubadilisha maisha, au ni maneno ya wanaouza vitabu? Kwa umri huu ubongo wangu bado unashika? Na nikisikiliza muhtasari wa kitabu kwa dakika kumi na tano, si ni yaleyale?*

*Msimamizi wa Ghala*

Shangazi anajibu:

Marahaba, mwanangu. Pole na hongera kwa pamoja, maana barua uliyoniandikia imepangika vizuri kuliko unavyojidhania.

Kabla ya maswali yako matatu, kuna sentensi umeipitisha kama jambo dogo na mimi imenisimamisha: kwamba ukifungua kitabu unakisogeza mbali ili herufi zikae sawa, kisha kichwa kinauma. Una miaka 44. Mtu akifika arobaini na kitu, lenzi ya jicho inakuwa imekakamaa kiasi kwamba haiwezi tena kujirekebisha vizuri kutazama kitu cha karibu. Huwapata watu wote, wanaosoma na wasiosoma, na dalili zake ni hizohizo: mkono unanyooka kila ukishika maandishi, taa iliyotosha mwaka jana haitoshi tena, kichwa kinagonga baada ya kurasa chache. Huenda kazini hujalihisi sana kwa sababu maandishi ya kwenye maboksi ni makubwa. Nenda kapime macho wiki hii, usingoje mwezi ujao. Huenda sehemu kubwa ya unachokiita udhaifu wako ni miwani ya kusomea ambayo hujaivaa, na mimi husikitika sana nikiona mtu mzima anajihukumu kuwa mvivu au mzito wa akili wakati kinachomsumbua ni macho.

Haya, tuje kwenye swali la kwanza.

Ndiyo, kusoma hubadilisha maisha, ila si kama ulivyoambiwa kwenye ile video. Hakuna kitabu utakachokifunga Jumapili ukaamka Jumatatu mtu mwingine. Mabadiliko huja kwa mlango wa nyuma, na kwako wewe nadhani yataanzia palepale panapokuuma, kwenye ripoti. Fikiria unavyomweleza mwenzako kwa mdomo kwamba mzigo umechelewa. Mkono wako unasaidia, sauti inasaidia, na yeye mwenyewe anakuuliza, "Umechelewa kwa nini? Utafika lini?" Maswali yake ndiyo yanayopanga maelezo yako. Karatasi haikuulizi kitu. Kila kilichobebwa na mkono, sauti na swali la mwenzako sasa lazima kibebwe na mpangilio wa maneno peke yake, na mpangilio huo hatuzaliwi nao wala hatuupati kwenye mazungumzo ya kila siku. Tunaupata kwa kukutana mara nyingi na sentensi za watu waliokaa, wakafikiri, wakafuta, wakaandika upya. Anayesoma kila siku huzoea, bila hata kujua, jinsi jambo linavyoanzishwa, linavyopewa sababu na linavyofikishwa mwisho. Kisha siku moja anashika kalamu na sentensi inakuja yenyewe. Yule kijana wa mkutanoni hakukuzidi kujua kazi. Amekuzidi kuwa na sentensi tayari.

Nikupe mfano wa mtu ambaye kusoma kulimgeuza kweli. Michael Faraday alizaliwa Uingereza mwaka 1791, baba yake mhunzi, na shule aliyoipata ilikuwa kidogo sana. Akiwa na miaka 14 aliwekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu mjini London ajifunze ufundi, na alikaa huko miaka 7. Kazi yake ilikuwa kushona kurasa na kubandika majalada, lakini yeye akawa anavisoma vile vitabu. Makala ya umeme katika ensaiklopidia iliyopita mikononi mwake ilimwasha. Kitabu cha kemia cha Jane Marcet, mwanamke aliyeandika kwa ajili ya watu wasio wataalamu, kilimfungulia sayansi. Ninachotaka ukitazame kwa karibu ni hiki: Faraday hakuwa akihesabu vitabu. Akisoma kitu alikijaribu kwa mikono yake, kwa vifaa alivyoweza kumudu. Mwaka 1812 alipopata tiketi za kumsikiliza mwanakemia Humphry Davy, aliandika yote aliyoyasikia, akayapanga upya na kuyachorea michoro, akayajalidi kwa ufundi wake mwenyewe, akampelekea Davy. Mwaka uliofuata akaajiriwa maabara. Mwaka 1831 aligundua jinsi sumaku inavyozalisha umeme katika waya, na jenereta zote zinazotumia sumaku na waya zinafuata kanuni hiyo.

Sikuambii utakuwa Faraday. Nimemtaja kwa sababu alianza kwa kusoma kilichokuwa karibu na mikono yake, akakigeuza kuwa kitu. Wewe vile vitabu tisa umevichagua kwa sababu gani? Nimeisoma barua yako tena na tena nikitafuta mahali unaposema kimoja kati yake kilikuvutia, sikupaona. Ulivinunua kama mtu anayelipa deni. Mtu hasomi kila siku kitu asichokitamani, hata akijilazimisha vipi. Na vitabu vya mafanikio vina shida moja zaidi: vingi huzungushia wazo moja kwa mifano mingi, kwa hiyo ukifika sura ya tatu umeshalipata na hamu inakwisha. Kuviacha hapo si dhambi. Vigawe, au vibaki kabatini bila kukusimanga.

Lile lengo la kitabu kwa wiki lifute leo. Chukua kurasa 10 kwa siku. Zinaonekana chache, lakini piga hesabu kama unavyopiga ghalani: kwa mwaka ni kurasa 3,650, yaani vitabu 14 vya kurasa 250 kila kimoja, na salio. Siku umechoka sana, soma ukurasa mmoja. Cha kulinda hapa ni ile hali ya kurudi kila siku. Idadi itajiongeza.

Na ukiruka siku? Mwaka 2009 watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walichapisha utafiti wa watu 96 waliojichagulia kila mmoja tabia moja ndogo ya kula, kunywa au kufanya mazoezi, wakaifanya kila siku kwa wiki 12 baada ya tukio lilelile, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Muda wa tabia kuwa ya kujiendea yenyewe ulikuwa siku 66 ukichukua mtu wa katikati, lakini wengine ilikadiriwa siku 18 na wengine 254. Kusoma hakukuwa miongoni mwa tabia hizo, lakini mambo mawili yanakuhusu moja kwa moja. Kwanza, walioruka siku moja hawakuharibu kitu cha maana, tabia iliendelea kujengeka. Wewe ukiruka siku mbili unajifukuza shule mwenyewe, halafu unaanza mwezi ujao na kitabu kipya, yaani kila mara unarudi sifuri kwa hiari yako. Pili, tabia zile zilifungwa kwenye tukio ambalo tayari lipo katika siku. Usiseme "nitasoma nikipata nafasi". Nafasi haipatikani. Sema nitasoma nikishavua viatu vya kazi, au nikishamaliza chai ya asubuhi, na kitabu kiwe kimelala palepale, si kabatini.

Kitandani ondoka. Ukilala chali baada ya siku nzima ya kazi, kila kitu kinauambia mwili wako usinzie, halafu unamlaumu mwandishi. Kaa kwenye kiti, mwanga uje juu ya ukurasa.

Simu ipeleke chumba kingine. Kuizima sauti tu hakutoshi, maana mkono unajua ilipo.

Sasa lile la kufika chini ya ukurasa na kusahau kilichokuwa juu. Wengi huniandikia hivyohivyo na wengi hudhani ni akili zao. Mara nyingi ni kwamba macho yanatembea na mawazo yako mahali pengine, na dawa ya kawaida ya watu, kurudia kusoma, haisaidii sana. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma na kukirudia. Kundi jingine lilikisoma, kisha likakifunika na kujaribu kuandika yote linayoyakumbuka, mara kadhaa. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojikumbusha bila kutazama walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Kwa hiyo ukimaliza kurasa zako, funga kitabu, kidole kikiwa ndani. Jiambie kwa sauti: amesema nini, kwa nini, na mimi naonaje? Sentensi tatu tu. Siku za mwanzo utababaika, na ni vizuri, kule kutafuta ndiko kunakopiga msumari. Halafu andika sentensi moja kati ya hizo kwenye daftari. Baada ya miezi michache utakuwa na daftari limejaa sentensi ulizozijenga mwenyewe, na ukiniuliza mimi, hilo daftari lina faida kwa ripoti yako kuliko vitabu vyote tisa.

Swali la umri nalijibu kwa furaha. Mwaka 2010 kundi la watafiti lililomjumuisha Mfaransa Stanislas Dehaene lilichapisha matokeo ya kupima ubongo wa watu wazima 63 wa Ureno na Brazil. Wengine hawakujua kusoma kabisa, wengine walijifunza utotoni, na wengine walijifunza wakiwa tayari watu wazima. Mabadiliko mengi ambayo kusoma huyaleta katika sehemu za ubongo zinazoshughulikia kuona na lugha yalionekana pia kwa wale waliojifunza ukubwani. Ikiwa mtu aliyeanza na herufi ya kwanza akiwa mzima ubongo wake ulijipanga upya, wewe unayejua kusoma tangu utotoni unahofia nini?

Kuhusu muhtasari wa dakika kumi na tano: utakuambia mwandishi alifikia wapi, hautakuonyesha alivyotembea. Kuamua kama kitabu kinakufaa, sikiliza. Kwa unachokitafuta wewe, yaani sentensi na kichwa kilichotulia, hautakufikisha. Kitabu kizima cha kusikiliza ni jambo jingine, kina thamani yake, na njiani kwenda kazini kitakufaa sana.

Utaniuliza, basi nianze na kitabu gani? Anza na cha binti yako.

Nasema kwa dhati kabisa. Leo jioni ukishavua viatu, mwambie akilete. Usimpe hotuba ya kuomba radhi, msomee tu. Kusoma kwa sauti ndiyo njia bora ninayoijua ya kumrudisha mtu kwenye kusoma, kwa sababu huwezi kuruka mstari, huwezi kuchungulia simu, na mtoto hatakubali mawazo yako yaende kwingine, atakuuliza. Maneno yanapita mdomoni na sikioni kwa wakati mmoja, na sentensi za hadithi za watoto ni fupi, safi, kila moja ina kazi. Ndizo hasa unazozihitaji. Mwisho wa sura mwambie akusimulie ilivyokwenda, kisha wewe umsimulie yeye. Hapo utakuwa umeshafanya lile zoezi la kufunga kitabu bila hata kuliita zoezi. Mkimaliza cha kwake, tafuta riwaya unayoitamani wewe, ya upelelezi, ya mapenzi, ya kihistoria, yoyote itakayokufanya utake kujua kinachofuata. Usiione riwaya kama mchezo wa watoto. Ndiyo itakayokuzoesha kukaa mahali pamoja na fikra za mtu mwingine kwa saa nzima, na ukishazoea, vitabu vya kazi vitakuwa vyepesi. Halafu tafuta kimoja kinachohusu usimamizi wa ghala na usafirishaji wa mali, kwa sababu hicho utakisoma ukibishana nacho ukurasa kwa ukurasa, wewe ukiwa na uzoefu ambao pengine mwandishi hana.

Mkeo usimjibu neno. Hajakosea, vile vitabu kweli vilikuwa mapambo. Akikukuta umekaa na mtoto mnasoma, mpe nafasi naye akae.

Yule kijana mwulize swali moja zaidi: anasoma nini hasa? Mwombe akuazime kimoja, na ukishakimaliza mzungumze. Wewe unaijua kazi, yeye ana maneno, na sioni sababu ya kumwogopa.

Na ripoti ya mwezi huu haiwezi kungoja tabia ikomae, kwa hiyo ifanye hivi. Washa kinasa sauti kwenye simu, jifanye unamweleza mkuu wako mlangoni akiwa na haraka: kimetokea nini, kwa sababu gani, unahitaji nini kutoka kwake. Usizidishe dakika tatu. Kisha sikiliza na uandike ulichosema, neno kwa neno, ukiwa umevaa miwani. Ondoa yaliyojirudia, weka tarehe na hesabu mahali pake, msomee mkeo kwa sauti. Akikuuliza swali, jibu lake ndilo sentensi iliyokosekana. Iandike, kisha peleka.